Masikio ya Fundi Matonya

Jumamosi hii, tarehe 29 Machi 1913, Mzee Matonya wa Haneti anaiacha kazi ya reli baada ya kuitumikia miaka kumi na minane na miezi minne. Katika muda huo ameinua vyuma vya madaraja, matangi, mabehewa yaliyopinduka, na mara moja kengele ya kanisa, na hakuna mtu hata mmoja aliyekufa wala kuvunjika mfupa chini ya mzigo wake. Narudia, maana najua wapo wanaopiga soga huko nyuma: hata mmoja. Katika kazi hii yetu, ambayo kila kambi toka Dar es Salaam hadi Tabora imeacha makaburi kando ya reli, hilo si jambo dogo.

Mimi ni Yotham, karani wa ghala hapa stesheni ya Dodoma. Nimetakiwa kuandika wasifu huu usomwe na mwingine sherehani, nikakubali kwa furaha na kwa hofu. Furaha kwa sababu nampenda mzee huyu. Hofu kwa sababu ya cheti chake cha kazi, ambacho Bwana Inspekta atakitia sahihi leo baada ya chakula. Imeagizwa kiandikwe kwamba Matonya anaondoka akiwa mlinzi wa kuni, na kwamba aliondolewa kwenye winchi kwa sababu ya uziwi. Nimepewa mimi nikiandike kwa mwandiko mzuri. Nimeshindwa. Nitawaeleza kwa nini, lakini kwanza niacheni nimsifu mtu kwa utaratibu kama ilivyo desturi.

Mzee Matonya hakuanza na chuma. Alianza na kichwa chake mwenyewe. Alipokuwa kijana alijiunga na msafara uliokuwa ukipita Ugogo, akabebeshwa frasila mbili za pembe hadi pwani. Ndugu zake walimcheka mpaka wakakaa chini, maana sisi Wagogo tunajulikana kwa kuwauzia wapagazi maji, si kwa kuwa wapagazi. Alipoutua mzigo ule aliapa, na hadi leo akisimulia hushika shingo, kwamba Mungu hakuiumba shingo iwe nguzo. Akaenda kutafuta kazi ambayo mzigo hubebwa na kitu kisicho na shingo.

Kitu hicho alikiona Tanga, Novemba 1894, kwenye reli mpya ya kule. Ilikuwa winchi ya mvuke, imekaa juu ya magurudumu yake, inakohoa moshi na kuinua boriti ya chuma kana kwamba ni ungo. Siku ya kwanza aliitazama tu. Siku ya pili akaitazama. Siku ya tatu msimamizi alimfukuza akidhani ni mwizi. Siku ya nne akaajiriwa kuipelekea kuni, na mwaka wa pili ulipokwisha alikuwa ameshika breki.

Reli ya kati ilipoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam alihamia huko, ikawa reli inakuja kwao naye anakuja nayo. Akafika Morogoro. Akafika Kilosa, ambako mimi, kijana wa misheni mwenye kalamu sikioni na majivuno tele, nilianza kazi ya ghala. Mwaka 1910 tuliingia Dodoma, yeye amesimama kwenye winchi yake, na ndugu zake kutoka Haneti waliokuja kulitazama gari la moshi wakaacha gari la moshi wakamtazama yeye. Watu wengi wamerudi kwao kwa njia ya reli. Huyu aliijenga kwanza.

Tani na kilo za Wazungu hazikumwingia kichwani, wala hakujisumbua. Alipima kwa ng'ombe. Pande moja la reli ni ng'ombe mmoja. Magurudumu mawili ya gari la moshi pamoja na mhimili wake, ng'ombe watatu na ndama. Bwana mmoja mgeni alimcheka, akaleta mzani na karatasi, wakapima mchana kutwa. Mzee alikuwa amekosea kwa ndama tu. Winchi yetu yenyewe alisema ina uwezo wa ng'ombe thelathini. Ukimletea wa thelathini na moja, hata uje na barua ya Gavana, hainui.

Kila asubuhi saa kumi na mbili alifika na kinyundo kidogo. Aliisalimu winchi "Mbukwa", kama Mgogo anavyomsalimu jirani, akangoja kidogo kana kwamba inamwitikia. Kisha alitia kabari kwenye magurudumu, akakagua magogo ya kuegemea, akaja kwenye mnyororo. Huo aliugonga pete kwa pete. Pete nzima inalia, ting! Pete yenye ufa inakohoa. Basi, hiyo ndiyo elimu yote aliyotufundisha: nzima inalia, mbovu inakohoa. Mimi na shule yangu niligonga minyororo mwaka mzima kabla ya kuisikia tofauti. Yeye aliisikia huku akitafuna hindi.

Baada ya hapo ilikuja shubiri. Mzigo wowote, uwe mzito uwe mwepesi, aliuinua shubiri moja tu kutoka chini, akafunga breki, akainua mkono. Watu wote wanarudi nyuma. Hapo Wagogo wa kikosi wanaimba ubeti mmoja mzima, sauti za juu na za chini, na ole wake anayeukatisha. Ubeti ukiisha na mzigo haujainama, winchi haijalegea, ndipo unapanda. Wazungu wageni walidhani ni ibada. Kwenye ile kengele ya kanisa, mchungaji aliomba tuimbe wimbo wa dini badala ya wimbo wetu. Mzee akakubali. Wimbo ulikuwa na beti saba, na kwa kuwa yeye hakatishi wimbo, kengele ilining'inia shubiri moja juu ya ardhi mpaka wakaimba zote, na bibi mmoja akasinzia.

Aliyenung'unika zaidi alikuwa Bashiri, Mrangi wetu wa Kondoa, ambaye kazi yake ni kusimama karibu na mzigo na kuuongoza kwa kamba. Alikuwa akisema Wagogo hawawezi kuepua hata sufuria bila ngoma. Alisema hivyo mpaka reli ilipofika Gulwe. Gulwe tulikuwa tunaweka chuma cha daraja juu ya korongo la mchanga, ng'ombe kumi na tisa kamili. Chuma kilipanda shubiri, watu wakarudi nyuma, ubeti ukaanza. Kabla haujafika nusu, gogo la upande wa kushoto likazama mchangani, winchi ikainama, na chuma kikarudi chini, puu! Vumbi lilipotulia, Bashiri alikuwa amesimama hatua sita nyuma, kamba mkononi, mdomo wazi. Tangu siku hiyo Mrangi yule anaimba Kigogo kuliko sisi wenyewe, na maneno yote anakosea.

Sasa nimefika kwenye jambo linalonitoa jasho nikiandika. Nawaomba mnyamaze kidogo.

Agosti mwaka jana, Mzee Matonya aligonga mmoja wa minyororo yetu miwili mikubwa, na pete ya saba ikakohoa. Kwa macho usingeona kitu, kutu ilikuwa imeufunika ufa. Akaufunga mnyororo ule kitambaa chekundu, akauleta ghalani kwangu, akasema: "Mwanangu, huyu mgonjwa. Mpeleke kwa mhunzi, asirudi kazini kabla hajapona." Nikaitikia, ndiyo mzee. Mhunzi alikuwa na kazi nyingi, nami nilikuwa na uvivu mwingi. Mnyororo ukakaa kwenye kona miezi mitatu.

Novemba zikaja habari kwamba wageni wakubwa watashuka Dodoma kuitazama stesheni, na Bwana Inspekta akaagiza ghala ling'ae. Jamani, nililing'arisha! Nilifagia, nikapaka chokaa, nikapanga misumari kwa urefu. Ile minyororo miwili ilikuwa na kutu ya aibu, basi nikaipaka lami, mara mbili, ikawaka kama viatu vya askari. Kitambaa chekundu nilikitoa kwa sababu kilikuwa kichafu. Nikaitundika yote miwili pamoja. Niliporudi nyuma niisifie kazi yangu, ndipo nilipogundua kwamba sijui tena upi ni upi.

Mwenye akili angemkimbilia Mzee Matonya saa ile ile. Mimi niliona haya, nikajiambia pete moja kati ya hamsini haiwezi kuwa na neno. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wahenga walisema kweli, ila hawakusema kwamba kifo chenyewe kinaweza kumwendea mtu mwingine.

Jumatatu ya tarehe 25 Novemba tulikuwa tunapandisha tangi la maji ya magari ya moshi, lile mnaloliona hapo juu ya nguzo. Ng'ombe ishirini na wanne. Wageni wameketi kivulini kwenye viti vyao, Bwana Inspekta anatembea huku na huku, saa mkononi. Nikatakiwa kutoa mnyororo mmoja. Nikatoa mmoja, huku nikimwomba Mungu wa misheni na mizimu ya mababu kwa pamoja uwe ule mzima.

Mzee akaja na kinyundo chake. Akagonga pete ya kwanza, ikatoa sauti ya mti. Ya pili, mti. Ya kumi, mti. Lami ilikuwa imeuziba mnyororo mdomo; mzima usingelia na mbovu usingekohoa. Akaniita, akaniuliza polepole, Bwana akiwa hatua chache kutoka kwetu: je, huu ni ule wa kitambaa? Nikamtazama askari wa Bwana na kiboko chake. Nikawatazama wageni. Nikasema, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, kwamba hapana mzee, huu ni mzima kabisa.

Aliitazama mikono yangu, ambayo lami ilikuwa bado haijatoka kwenye kucha. Kisha akamtazama Bashiri, aliyekuwa ameshika kamba tayari chini ya tangi. Wiki ile mkewe, Mwajabu, alikuwa amejifungua mapacha, na tangu alfajiri hakuna aliyepata nafasi ya kusema lolote kwa ajili ya habari za mapacha.

Mzee Matonya akafunga breki, akashuka, akaenda mbele ya Bwana Inspekta, akavua kofia. "Bwana," akasema, "leo masikio yangu hayasikii. Siinui."

Bwana akauliza masikio yana kazi gani kwenye mnyororo, wakati yeye kwa macho yake anaona ni mnyororo mzuri. Mzee akasema hajui mambo ya macho. Akaamriwa apande. Hakupanda. Akaitwa Kefa, mwanafunzi wake, apande badala yake. Mzee akamgeukia Kefa, akamwambia neno moja la Kigogo ambalo Kefa mpaka leo anakataa kulitafsiri, na papo hapo Kefa akagundua kwamba tumbo linamkata. Wageni wakaondoka na gari la moshi la saa tisa, tangi likiwa bado liko chini. Bwana Inspekta hakupata kudhalilika hivyo tangu afike nchi hii, na simlaumu kwamba uso ulimwiva. Siku mbili baadaye ukaletwa mnyororo mpya kutoka Morogoro, na Kefa, tumbo limepona, akalipandisha tangi, shubiri kwanza na ubeti mzima.

Mzee Matonya hakuwapo. Jioni ile ile ya wageni alikuwa ameandikwa kiziwi, akapelekwa kulinda kuni, akakatazwa kuigusa winchi hata kwa kidole.

Nami siku ile, wageni walipoondoka tu, nilijifungia ghalani na kuiosha minyororo yote miwili kwa mafuta ya taa, pete kwa pete. Ulikuwa wenyewe. Ule nilioutoa ndio uliokuwa mbovu. Pete ya saba ilikuwa na ufa unaoingia ukucha wa kidole gumba. Nilikaa chini sakafuni nikalia, na sikulia kidogo.

Asubuhi yake nilimwendea kwenye kuni. Nilisema shikamoo. Akaniambia niketi. Alikuwa anajua, alijua tangu alipoziona kucha zangu. Nikamwambia nakwenda kwa Bwana kusema kweli, akanishika mkono akakataa katakata. Kosa lile, na uongo juu yake, tena mbele ya wageni, ni hamsa ishirini bomani, akasema, viboko ishirini na vitano visivyopungua kimoja, na mgongo wangu wa kukaa kwenye kiti usingefika cha kumi. Watu wakimwita yeye kiziwi haiumi, akasema. Adhabu yake ilikuwa moja tu: nikwangue lami yote ghalani, kwenye minyororo, kulabu, kila kitu, na nisipake tena chochote juu ya kitu ambacho mtu anahitaji kukisikia. Nikakwangua wiki mbili. Na kuhusu kwenda kwa Bwana, nilimtii upesi mno. Nilikuwa naogopa, na nilifurahi kukatazwa.

Tangu hapo nyinyi wote mmekuwa mkimpigia kelele. Kefa akimwamkia mzee, mbuzi wa kule kijijini Nkuhungu wanakimbia. Bwana Inspekta humsemesha kwa ishara za vidole. Mzee naye huweka kiganja sikioni, huitikia taratibu, hakosi adabu kwa mtu. Aliyepata tabu zaidi ni mkewe, Bibi Loisi, ambaye nyumbani hana haja ya kupaza sauti, na akijisahau akamnong'oneza mzee mzaha mbele za watu, mzee hucheka naye hupigwa kiwiko. Siku moja Bashiri alisema, nyuma ya mgongo wa mzee, kwamba mlenda wa Bibi Loisi unateleza bila kuaga. Jioni mzee akamletea bakuli zima la mlenda, akakaa akimtazama mpaka akalimaliza.

Lakini nimemwona pia winchi inapofanya kazi, amekaa juu ya kuni zake, macho amefumba, anausikiliza mnyororo kutoka kule. Siku moja ya Januari aliinuka ghafla, akavuka uwanja wote, akamwambia Kefa kwamba kabari ya nyuma inalia, imelegea. Kefa akatazama, kweli imelegea. Kiziwi huyo! Na hakuna hata mmoja wenu aliyejiuliza.

Alhamisi nikaletewa ile karatasi ya cheti. Niliandika jina, vizuri kabisa. Nikaandika miaka. Nilipofika kwenye "mlinzi wa kuni" kalamu ilikataa, na safari hii sikutaka mtu wa kunikataza, basi sikumwambia mzee. Anayasikia haya sasa hivi pamoja nanyi, na anayasikia vizuri sana. Mtazameni, amekasirika. Anasugua goti, ndivyo anavyokasirika.

Mzee Matonya hakuwahi kuwa kiziwi. Hakuogopa, wala hakuzeeka ghafla siku ile ya tangi. Alikuwa fundi wa winchi, na siku ile alifanya kazi ya ufundi kuliko siku zote, kwa kutoinua. Mnyororo uko hapa chini ya meza. Bwana Inspekta, ambaye Kiswahili chake ni kizuri na ameelewa kila neno, anaweza kuuinua na kuweka ukucha wake kwenye pete ya saba. Cheti nacho kiko mezani. Nimekiandika kwa mwandiko wangu wote, ila mahali pa cheo na mahali pa sababu nimepaacha wazi, kalamu iko kando. Na kama kuna hamsa ishirini, mwenyewe nimeketi safu ya pili, nimevaa kanzu nyeupe, sijajificha.

Mzee wetu, ahsante. Ahsante kwa uhai wa Bashiri, na kwa mapacha wenye baba. Ahsante kwa sisi sote tuliopita chini ya mizigo yako miaka hii yote bila kuangalia juu. Tunakuombea Haneti ikupokee kwa mvua, ng'ombe wako wanenepe, na Bibi Loisi asikuchoke mapema. Uishi kwa amani miaka mingi, na popote utakapotajwa utajwe kwa jina lako la kazi: Fundi Matonya.

Ni mimi Yotham, karani wa ghala, angalau mpaka Jumatatu asubuhi.